Watoto wetu wa Lamu na katuni: nani kamuacha mwenzake?

Mkaazi wa Langoni
Assalaam alaykum wanabaraza. Juzi wazazi tulikaa kupanga vitabu vya kuwanunulia watoto kwa pesa tulizochanga. Nikasema sehemu yake iende kwenye katuni. Nilichekwa! Mzee mmoja akaniambia watoto wa leo hawasomi katuni, na hata huko ng'ambo maduka yake yanafungwa. Basi nauleta hapa, kila mtu aseme lake.

Langu ni hili. Mimi katika umri wangu sijaona duka la katuni Lamu, kwa hivyo habari za maduka kufungwa sijui zinatuhusu nini. Sisi katuni zilitujia zimepanda mgongo wa kitu kingine. Juha Kalulu wa marehemu Edward Gitau alikuja ndani ya Taifa Leo, na hilo Taifa Leo likaja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Asiye na pesa ya gazeti alimsoma Juha kwenye karatasi ya bajia, mafuta yameshamfuta nusu ya uso. Halafu 2010 likatoka Shujaaz, jarida la katuni la vijana, bure, ndani ya Saturday Nation na kwa mawakala wa M-Pesa. Mtoto akitumwa kutoa pesa anarudi na katuni. Leo ni nyumba ngapi zinanunua gazeti? Habari zote ziko kwenye simu ya baba. Mtoto hakuacha kitu, ni njia iliyokatika.

Mama wa Watatu, Mkomani
Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwangu mimi njia haikukatika, niliifunga kwa mkono wangu. Shujaaz ni Sheng tupu. Wanangu bibi yao akiwasemesha Kiamu wanamjibu kwa maneno ya mitaa ya Nairobi, naye anabaki kuniangalia mimi. Sasa nichange pesa nizidi kuwafunza hayo? Tununue vitabu vya hadithi. Mtihani unataka insha, hautaki picha.

Mwalimu wa Gredi ya Tano
Dada, hapo umeionea katuni. Shujaaz lilikusudiwa vijana waliokwisha kubaleghe, si hawa wangu wa miaka kumi. Ukilikataa kwa ajili ya mtoto mdogo nakuunga mkono, ila usiibebeshe kila katuni mzigo wa Sheng.

Katuni za Kiswahili safi zilikuwako. Gado, huyu huyu tunayemjua kwa kuwachora wanasiasa, alitoa Abunuwasi mwaka 1996, kwa wachapishaji Sasa Sema. Hebu fikiri, Abunuwasi! Hadithi ambazo kila bibi wa pwani anazo. Sasa Sema walitoa katuni kadhaa za Kiswahili, kisha 2007 wakaingia mikononi mwa Longhorn, kampuni ya vitabu vya shule. Na wachapishaji wetu riziki yao iko kwenye vitabu vya mtaala. Kitabu cha kusomwa kwa raha kinasubiri mwisho wa foleni, tena tangu sheria ya VAT ya 2013 kina kodi ya asilimia 16 juu yake.

Kuhusu insha, nina mwanafunzi ambaye ukimpa aya asome kwa sauti anatazama miguu yake. Nikampa katuni iliyochakaa, haina hata jalada. Alisoma maneno ya kila mhusika kwa sauti yake mbali, ya tajiri nene, ya punda puani, wenzake wakajazana juu ya dawati. Hiyo ndiyo dayalojia ninayohangaika kuwafundisha muhula mzima!

Kijana wa Shela
Shikamooni wakubwa. Mnatuzungumza kana kwamba hatupo. Twasoma kila siku, manga, katuni za Kijapani, kwenye simu. Yangu kioo kimepasuka, nakuza kisanduku kimoja kimoja kwa vidole viwili. Manga husomwa kuanzia kulia, na mgeni mmoja aliniuliza mbona sikubabaika. Nikamwambia nimekaa chuoni na msahafu tangu sijajua kufunga viatu. Shonen Jump, gazeti lao la manga, mwaka 1995 lilifika nakala zaidi ya milioni sita kwa wiki. Sasa Wajapani wengi wako kwenye simu kama mimi, na simsikii mtu akisema wameacha kusoma. Tabu yangu ni moja, zote nazipata kwa Kiingereza.

Mzee wa Mkunguni
Marahaba. Kijana, umejishtaki mwenyewe. Leo manga, kesho kidole kikiteleza kidogo ni video mpaka alfajiri. Na mimi ndiye niliyesema ng'ambo maduka yanafungwa, sikubuni. Januari 2025 Diamond, kampuni iliyokuwa ikiyasambazia maduka ya katuni ya Marekani, ilikwenda mahakamani kwa kufilisika. Wenyewe wameshindwa, tutaweza sisi?

Mkaazi wa Langoni
Mzee wangu, Diamond ni kweli. Lakini tazama nani alikuwa akinunua humo. Kale Mmarekani mdogo alipata katuni kwenye kibanda cha magazeti na duka la dawa. Kuanzia miaka ya 1970 zikahamia maduka yake maalumu, na maduka hayo yakawa ya watu wazima wanaokusanya. Watoto hawakufilisika. Wao wanazipata maktaba, na kwenye mauzo ya vitabu shuleni. Wala sikuomba tufungue duka.

Ndani ya Ngome yetu ya Lamu tuna maktaba, ina vitabu vya historia ya Waswahili ambavyo watafiti wanavifuata kutoka mbali. Mtoto wa miaka tisa akiingia mle atasoma nini? Naomba rafu moja, ya chini, anayoifikia bila kuinuliwa. Na huyu kijana akija aikute karatasi, apumzishe hicho kioo.

Mzee wa Mkunguni
Rafu moja sina ugomvi nayo. Pesa zote ndizo nilizokataa.

Mkaazi wa Langoni
Nani alisema zote, mzee?

Mama wa Watatu, Mkomani
Abunuwasi mimi sina neno, nitachanga. Lakini semeni kabisa, anayechagua vitabu ni nani? Nisije nikasikia mmempa kijana wa Shela.

Kijana wa Shela
Mama, kwani mimi nimekosa nini?