Naombeni ushauri: miaka 9 kwenye klabu ya gofu, sasa kwenda uwanjani nahisi kama nakwenda kulipa deni

Mshika_Bendera ameandika:

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Nimekuwa mwanachama wa klabu ya gofu kwa miaka 9. Miaka ya mwanzo, usiku wa kuamkia Jumamosi usingizi ulikuwa hauniji. Nilikuwa nafika uwanjani umande haujakauka. Mpira ukipita kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, unaacha mstari nyuma yake, nami naufuata ule mstari kwa macho hadi shimoni. Kitu kidogo tu, lakini kilikuwa kinanitosha wiki nzima.

Siku hizi Jumamosi ikikaribia natafuta sababu ya kutokwenda. Mvua ikinyesha nashukuru. Mwezi uliopita nilijiandikisha shindano la mwezi, asubuhi nikajitoa kwa kudai mgongo unauma. Mgongo haukuwa na shida yoyote. Nilishinda nyumbani siku nzima nikiona aibu.

Nikienda, nakwenda kwa sababu ada ya mwaka nimeshailipa. Nimefikia hatua ya kuigawanya ada kwa idadi ya raundi nilizocheza, nijue kila moja imenigharimu kiasi gani. Kadiri nisivyokwenda ndivyo kila raundi inavyozidi kuwa ghali, na kadiri inavyozidi kuwa ghali ndivyo ninavyozidi kuogopa kuiharibu.

Handikapu nayo, ile namba ya kiwango cha mchezaji ambayo ikiwa ndogo ndiyo nzuri, imepanda kutoka 11 hadi 14 ndani ya mwaka mmoja. Nimechukua mafunzo, nimebadilisha namna ya kushika fimbo, nimenunua fimbo mpya. Kwenye uwanja wa mazoezi mpira unakwenda vizuri kabisa. Nikishapewa kadi ya kuandikia mikwaju, mikono inakuwa migumu.

Ada mpya inatakiwa baada ya miezi 2. Mke wangu anasema niache, maana narudi nyumbani nimenuna. Natamani kuacha, lakini nikifikiria kuuza zile fimbo koo linanibana. Kwa hiyo gofu bado ipo moyoni, ila sijui imejificha wapi. Kuna aliyepitia hali hii akatoka?

Nawasilisha.

Chuma_Namba_Saba:

Pole mkuu. Mimi nimepitia. Nakushauri uache uanachama, usiache gofu, maana hivyo ni vitu viwili na wewe umevifunga pamoja.

Mimi nilijitoa klabuni miaka 2. Nikawa nacheza kama mgeni, nalipia raundi moja moja pale tu moyo unaponituma. Kwa raundi moja nilikuwa nalipa zaidi kuliko mwanachama, kweli, lakini ile hesabu ya kugawanya ada ilikufa siku hiyo hiyo. Nilicheza mara chache na karibu kila raundi naikumbuka. Tena nilianza kuzunguka viwanja tofauti. Ukicheza uwanja mmoja miaka 9, hata kabla hujapiga unajua mpira utaishia wapi na utakasirikia wapi.

Bi_Katibu:

Nimekaa kwenye kamati ya klabu miaka kadhaa, kwa hiyo niruhusu niongee upande wa makaratasi kabla hujakata shauri kwa hasira.

Chukua katiba ya klabu yako uisome. Tafuta sehemu ya kujitoa: notisi ni ya muda gani, na inahesabiwa kuanzia lini. Nimeona watu wengi wakiandika barua wiki moja baada ya tarehe ya malipo, wakadaiwa ada ya mwaka mzima, wakaondoka na uchungu usiokuwa na sababu. Kisha uliza ukitaka kurudi utalipa kiingilio upya au la, na kama kuna foleni ya wanaosubiri nafasi.

Halafu uliza kama kuna daraja lingine la uanachama. Klabu nyingi zina la siku za kazi peke yake, au la kusimama kwa muda bila kufutwa jina. Watu hawaulizi, wanadhani ni ama kulipa yote ama kutoka. Na fahamu kwamba ukitoka utahitaji mahali pengine pa kutunzia handikapu yako, kama bado unaitaka.

Barua iandike kaka, ila isomwe kabla ya tarehe ya malipo.

Mikwaju_72:

Mimi hiyo handikapu ndiyo iliyonigusa, maana naona unaisoma vibaya na inakuumiza bure.

Mfumo wa handikapu wa dunia unaotumika tangu 2020 unachukua raundi zako 20 za mwisho, unachagua 8 bora, unatafuta wastani wa hizo 8. Zile 12 nyingine haziingii kabisa. Maana yake handikapu si wastani wa mchezo wako, ni kipimo cha siku zako nzuri. Mchezaji wa 14 anayecheza kwa kiwango chake kamili hategemewi kuifikia 14 kila Jumamosi. Siku nyingi ataikosa, na hiyo ndiyo hali ya kawaida kwa kila mtu unayemwona pale uwanjani, pamoja na yule anayekupita.

Kingine: mfumo wenyewe una breki. Handikapu ikishapanda 3 juu ya ile ya chini kabisa uliyokuwa nayo ndani ya siku 365, kinachozidi hapo kinahesabiwa nusu tu, na ikifika 5 inasimamishwa hapo. Wewe umetoka 11 hadi 14, umeshafika kwenye breki ya kwanza. Hutaamka siku moja ukute 25.

Na kama kadi ndiyo inayokufanya mikono iwe migumu, cheza kwa pointi za Stableford. Frank Stableford alikuwa daktari, na mtindo wake wa pointi ulichezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Shimo ukiliharibu unapata sifuri, unaokota mpira, unakwenda la pili. Ile mikwaju 9 uliyopiga kwenye shimo la 3 haikufuati hadi la 18.

Kapteni_Mstaafu:

Sikubaliani na wanaomwambia atoke, na nasema kwa nia njema.

Kujitoa kwenye shindano kwa kudai mgongo ni dalili kwamba umeanza kuogopa, na ukikimbia hofu leo utaikuta mbele kesho. Kosa lako ninaloliona ni kwamba gofu yako yote imekuwa ya mashindano. Kama klabu ina shindano kila mwezi, si lazima uyacheze yote 12. Chagua 3 unayoyapenda, andaa mwili na akili kwa hayo 3, miezi mingine cheza tu. Nimeongoza klabu, nimewaona waliopunguza wakadumu, na nimewaona waliotoka kwa kishindo wakawa wanapita nje ya uzio wanachungulia.

Chuma_Namba_Saba:

Kapteni, heshima yako. Lakini Bobby Jones, yule bingwa wa gofu wa Marekani, mwaka 1930 alishinda mashindano yote manne makubwa ya wakati wake, na mwaka huo huo akastaafu mashindano akiwa na miaka 28, kwa sababu presha ilikuwa inamla. Alikuwa anapungua uzito kwenye mashindano. Gofu hakuiacha, aliendelea kuicheza. Huyo huwezi kusema alikimbia kwa uoga.

Kapteni_Mstaafu:

Hilo nakubali. Nimesema apunguze, hatuko mbali.

Dada_Upepo:

Swali dogo tu kaka, na usilichukulie vibaya. Vitu vingine bado unavifurahia? Familia, kazi, kula, kulala? Kama ni gofu peke yake, sawa, endeleeni na ushauri wa gofu. Kama kila kitu kimepoa, basi gofu ni sehemu tu ya jambo kubwa zaidi, ongea na daktari. Kaka yangu alianza hivi hivi na sisi tukadhani amechoshwa na mpira.

Mshika_Bendera:

Asante dada, silichukulii vibaya hata kidogo. Vingine vyote viko sawa, watoto wananichangamsha, kazi inakwenda. Ni gofu tu.

Mzee_wa_Umande:

Mwanangu, nimesoma kuanzia juu. Umetueleza ada, handikapu, fimbo, kadi. Hujamtaja mtu hata mmoja unayecheza naye.

Raundi ya mwisho uliyoifurahia ilikuwa lini? Ulikuwa na nani? Na mlikuwa mnahesabu vipi?

Mshika_Bendera:

Shikamoo mzee. Nimelisoma swali lako jana usiku, nikashindwa kujibu, nimelala nalo.

Ilikuwa karibu miaka 2 iliyopita. Nilikuwa na rafiki yangu ambaye tulijiunga wiki moja, wote hatujui kupiga. Miaka 7 tulicheza pamoja Jumamosi ya alfajiri. Hatukuwa tunahesabu mikwaju, tulikuwa tunashindana shimo kwa shimo. Aliyeshindwa anabeba mabegi yote mawili hadi kwenye gari. Ile siku tulikuwa sawa hadi shimo la 18, akaingiza mpira kutoka mbali kiasi kwamba hata yeye alishtuka. Nilibeba mabegi nikiwa na furaha kuliko yeye aliyeshinda.

Kisha goti lake likaharibika, akafanyiwa upasuaji, akaacha. Tangu hapo napangiwa na yeyote anayetoka kwenye droo. Ni watu wazuri, sina neno nao. Ila kila mmoja anatazama kadi yake.

Ninavyoandika hivi ndiyo nagundua kwamba tangu aache sijampigia simu zaidi ya mara 3. Nilikuwa naona kumtajia gofu ni kumtonesha kidonda.

Mzee_wa_Umande:

Marahaba mwanangu. Umeshajijibu zaidi ya nusu.

Mpigie. Usimwite kucheza, mwite kutembea. Muulize kwanza daktari wake anasemaje. Wengi waliokatazwa kuzungusha mwili kwa nguvu wanaruhusiwa kutembea kwenye nyasi na kusukuma mpira taratibu kwenye grini, lakini neno la daktari litangulie.

Nendeni jioni, wakati uwanja umepungua watu. Kadi iache nyumbani. Beba fimbo 4 au 5. Kanuni imeweka kikomo cha 14, haikuweka kiwango cha chini. Seve Ballesteros alijifunza mchezo huu utotoni huko Hispania akiwa na fimbo moja ya chuma namba 3, anapiga kwenye mchanga wa ufukwe, na mkono wake ulikuja kuwa wa ajabu kwa sababu ilimbidi fimbo ile ile moja aifundishe kila kazi. Ukiwa na fimbo chache unaacha kuuliza "nitumie ipi" na unaanza kuutazama mpira tena.

Wala msijilazimishe mashimo 18. Mashindano ya Open ya Uingereza ya mwanzo kabisa, mwaka 1860 huko Prestwick, Uskoti, yalichezwa kwenye uwanja wa mashimo 12. Kumi na nane ni mazoea tu. Mkicheza 5 mkachoka, rudini.

Habari ya ada itakuja baadaye. Usiamue jambo la mwaka mzima ukiwa hujui unachokikosa ni nini.

Bi_Katibu:

Namuunga mkono mzee, ila tarehe isikupite kaka.

Mikwaju_72:

Huyu mzee namkubali sana. Tupe mrejesho mkuu.

Mshika_Bendera (baada ya wiki 3):

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoombwa.

Nilimpigia. Simu ilipokelewa kwa kimya kwanza, kisha akasema, "Nilidhani umepata wa kucheza naye." Nikashindwa la kusema. Daktari wake amemruhusu kutembea na kusukuma mpira, asipige kwa nguvu.

Tumeshakwenda mara 3, jioni. Mimi napiga kuanzia mwanzo wa shimo, mpira ukifika kwenye grini anaumalizia yeye. Mpira mmoja, watu wawili. Nikiupeleka mchangani anapiga kelele kwa sababu namharibia yeye sasa. Siku ya kwanza tulicheza mashimo 6, goti likaanza kulalamika, tukakaa kwenye benchi la shimo la 7 tukitazama wengine wanapita hadi giza likaingia. Tuliongea mengi kuliko miaka 2 yote iliyopita, na mengine hayakuwa ya gofu.

Mikono haikuwa migumu. Sikujua nimepiga mikwaju mingapi hadi mke wangu aliponiuliza nyumbani, nikabaki namtazama.

Kuhusu klabu: nimesoma katiba, notisi ni siku 30. Bi Katibu, Mungu akubariki, nilikuwa sijui kabisa. Nimeomba kuhamishwa daraja la siku za kazi, barua imepokelewa, nasubiri kamati. Wakikataa nitajitoa na kulipia raundi moja moja kama Chuma alivyofanya. Kapteni, nimebakiza shindano moja tu mwaka huu, lile la wawili kwa mpira mmoja, zamu kwa zamu. Sijui kama goti litaruhusu hadi wakati huo, maana pale itambidi naye apige. Yeye anasema litaruhusu. Daktari atasema.

Mzee, kesho alfajiri tunakwenda. Ametaka mwenyewe iwe alfajiri, kwa ajili ya umande.