Kuchukua damu usiku kwa utafiti wa matende: wanakijiji washirikishwe kuanzia wapi?

Tabibu wa Mikindani ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni tabibu, na nimeajiriwa kuwa mratibu wa uwandani katika utafiti wa matende na mabusha utakaofanyika kwenye vijiji kadhaa vya pwani ya Mtwara, upande wa kati ya Mikindani na Msimbati. Kibali cha maadili kimekwishapatikana na fomu za ridhaa zimekwishachapwa. Katika andiko zima la utafiti, jamii imetengewa aya moja, nayo inasema kwamba viongozi wa vijiji watahamasishwa kabla ya timu kuingia.

Shida yangu ni hii. Vimelea vinavyoleta matende na mabusha katika ukanda wetu huonekana kwenye damu ya kidoleni wakati wa usiku. Kwa hiyo, wote watakaokutwa na maambukizi kwa kipimo cha haraka cha mchana watatakiwa kutolewa damu tena kati ya saa nne usiku na saa nane usiku. Aliyekulia huku anajua watu watasema nini wakiona gari la wageni likizunguka kijijini saa hizo kutafuta damu. Mwezi Oktoba 2016, kule Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa mumiani, yaani wanyonya damu, na wale walikuwa wakichukua udongo tu.

Wakubwa wangu wanasema niitishe kikao cha viongozi, nitoe posho, nigongewe muhuri, kazi ianze. Naomba mnisaidie: ushirikishwaji unaanzia wapi, na wanakijiji wanapaswa kuwa na kauli juu ya mambo gani hasa, ilhali andiko limekwishapitishwa?

Muuguzi Mstaafu, Lindi:

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza mapema, maana wengi huuliza gari likishapigwa mawe.

Kabla ya kustaafu niliwahi kuazimwa na timu moja ya watafiti, ambayo sitaitaja, kwa kazi ya usiku kama hiyo yako. Mihuri yote walikuwa nayo. Tulipofika kijijini hatukupata mtu: milango imefungwa, taa zimezimwa, mbwa wanabweka. Mwenyekiti alikuwa amesaini karatasi, lakini hakuna aliyemweleza kwamba damu itachukuliwa usiku, na watu wake walipombana kwa maswali akaona heri alale shamba.

Ikabidi suala lirudishwe kwenye mkutano wa kijiji kizima. Bibi mmoja akasimama akauliza kwa nini damu ya mchana haifai. Mtaalamu wa maabara, badala ya kuhutubia, aliweka darubini juu ya dawati la shule, akatia slaidi iliyokwishapakwa rangi, watu wakapanga foleni kuchungulia. Kisha akaeleza kwamba mchana vimelea hivyo hujificha kwenye mishipa midogo ya mapafu, na usiku hutoka kuja karibu na ngozi, saa ambazo mbu wanaovisambaza nao wako kazini. Wazee walielewa mara moja. Hapo ndipo masharti yakaanza kutoka kwao, wala si kwetu: hakuna kuzunguka nyumba kwa nyumba, damu itolewe shuleni, penye taa, mwanamke aje na mwenzake, timu ilale kijijini, isije na kuondoka gizani, pamba na sindano zilizotumika zichomwe kwenye shimo la zahanati mbele ya wajumbe wa serikali ya kijiji. Mama mmoja alidai namba iandikwe kwenye slaidi yake huku akitazama. Tulipokubali, kila aliyemfuata akadai vivyo hivyo. Kazi ilichelewa sana usiku ule, na sikuona ubaya wowote.

Jambo la mwisho ni wenye mabusha. Ukimpima mtu, ukamwandika kwenye daftari, kisha ukamwacha na busha lake, usitarajie kumwona awamu ya pili. Zungumza mapema na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula kuhusu upasuaji, na ujue nani atalipa nauli na kitanda, kabla hujatamka neno lolote mkutanoni.

Mtendaji wa Kijiji, Pwani:

Namuunga mkono Bi Muuguzi, nami niongeze upande wa utawala. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, chombo cha juu kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Muhuri wa mwenyekiti hauwezi kusimama mahali pake. Hata huo mkutano hauna uwezo wa kumridhia mtu kuhusu mwili wake. Unaweza kuikaribisha timu au kuikataa, basi, na kila mkazi anabaki na hiari yake.

Kuhusu kalenda, nakuomba usipange tarehe ukiwa ofisini. Wavuvi wa dagaa huingia baharini usiku wa giza na hupumzika wakati wa mbalamwezi. Ukija usiku wa giza utapima wanawake, wazee na watoto, halafu uandike kwamba maambukizi ni kidogo, wakati wanaume wenyewe walikuwa majini na karabai zao. Wakulima wa mwani nao hufuata bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Kuanzia Oktoba watu wako kwenye mikorosho na minada. Mambo haya hayamo kwenye andiko lolote, ila ukimuuliza mtu yeyote pale diko, wavuvi wanaposhusha samaki, atakupangia ratiba nzima kwa dakika chache.

Waache pia walete swali lao. Huku kwetu swali hilo linajulikana: tumemeza dawa za kingatiba mwaka hadi mwaka, mbona mabusha bado yapo? Wewe unajua kwamba dawa hizo huua vimelea vichanga na kuzuia maambukizi mapya, wala haziondoi busha lililokwishaota, lakini mwananchi hajaelezwa hivyo, na ndiyo sababu wengine huzitupa. Swali hilo likiingizwa kwenye dodoso, watu wataona kwamba utafiti unawahusu.

Jiandae vilevile kuulizwa damu inapelekwa wapi. Huu ni mkoa ambao mwaka 2013 watu waliingia barabarani kwa ajili ya bomba la gesi ya kwenda Dar es Salaam, na habari ya nani ananufaika na kinachotoka Mtwara haijaisha. Halafu kuna lile la zamani zaidi: kirusi cha chikungunya, homa ya maumivu ya viungo inayoenezwa na mbu, kilitambuliwa kutokana na damu ya wagonjwa wa mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, huko Newala. Kwa hiyo maabara itajwe kwa jina, muda wa kuhifadhi sampuli utajwe, na kama zitavuka mpaka, hilo lisemwe wazi.

Posho ikitolewa kwa viongozi peke yao, minong'ono itaanza jioni ileile.

Mtafiti wa Afya ya Jamii:

Ndugu Tabibu, andiko kupitishwa hakukufungi mikono. Kamati za maadili hupokea maombi ya marekebisho, na ombi linalotokana na maoni ya wanakijiji lina uzito. Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti wa kitabibu, ambalo lilipitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa upya Oktoba 2024, sasa linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake. Mpelekee mkuu wako kifungu hicho, kitamsaidia kukusikiliza.

Hata hivyo natofautiana na Bi Muuguzi, kwa heshima, kuhusu kukusanya watu shuleni. Katika utafiti huu wanaoitwa usiku ni wale tu waliokutwa na maambukizi mchana. Kila atakayeonekana akielekea shuleni saa nne usiku atakuwa amekwishatangazwa kwa majirani, na kwa ugonjwa unaoambatana na aibu kama mabusha, hilo ni dhara kubwa. Njia mojawapo ni kuwaita usiku pia baadhi ya wasio na maambukizi, jambo ambalo litahitaji kibali. Nyingine ni kumwachia mtu achague kati ya shule na nyumbani kwake. Lipelekeni mbele ya wanakijiji kama swali ambalo bado halina jibu, maana wao ndio wanaojua aibu inakaa wapi.

Kuna yasiyojadilika, na ni heri kuyataja mapema kuliko kujifanya kila kitu kiko mezani. Saa za kutoa damu hazibadiliki. Kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu, wala mwenyekiti hawezi kuingiza jamaa zake. Ila karatasi za bahati nasibu zinaweza kuchotwa hadharani, tena na mtoto wa shule.

Na matokeo yarudishwe, hata yakiwa hayapendezi. Utafiti wa INSIST, wa kuokoa maisha ya watoto wachanga, uliofanyika katika wilaya sita za Lindi na Mtwara uliwatumia wanawake wa kujitolea wa vijijini kuwatembelea wajawazito na wazazi; baadhi ya mazoea ya kumtunza mtoto mchanga yaliboreka, lakini vifo vya watoto hao havikuonekana kupungua kwa sababu yake. Kumweleza matokeo kama hayo mama aliyetembea kijiji kizima bila mshahara ni kazi ngumu, na bajeti yake hutengwa tangu mwanzo au haipatikani kabisa.

Tabibu wa Mikindani:

Shikamoo Bi Muuguzi, nanyi nyote nawashukuru. Suala la kujulikana kwa wenye maambukizi halikuwa limenijia kabisa. Naomba kuongeza moja: watoto wa darasa la kwanza na la pili nao watapimwa. Je, sahihi ya baba inatosha?

Somo wa Nachingwea:

Kwa taratibu za maadili, mzazi mmoja au mlezi anatosha, na mtoto mwenyewe aulizwe kwa lugha anayoielewa. Lakini huku kwetu, kwa Wamwera, Wamakonde na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake. Nimeona baba akisaini asubuhi na mjomba akija kumtoa mtoto kwenye foleni mchana, tena kwa maneno makali. Usidai sahihi papo hapo shuleni. Fomu iende nyumbani na mtoto, ilale siku mbili tatu, mama apate kuzungumza na kaka yake, na mjomba akitaka kuja kuuliza maswali awekewe kiti. Mkutano wa makungwi na wazee wa ukoo nao ufanyike kando na ule wa serikali ya kijiji, kwa sababu hawa hawasemi yote mbele ya mtendaji. Mzee Mtendaji atanisamehe.

Mtendaji wa Kijiji, Pwani:

Umesamehewa, Bi Somo, na ni kweli tupu.

Tabibu wa Mikindani:

Nimeandika ombi la marekebisho lenye mambo matatu: mahali pa kutolea damu, swali la dawa za kingatiba, na fomu za watoto kwenda nyumbani. Mkuu wangu amekubali kazi isogezwe hadi mbalamwezi. Kuhusu nauli za wenye mabusha kwenda Ligula bado tunavutana.