Deraya nzuri: ipiganiwe au inunuliwe?

Mwenye banda, Ngamiani
Nina banda la gemu hapa Tanga, mashine nne. Wengi wanacheza mpira, ila lipo kundi la gemu za panga na majoka, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Mwezi uliopita mtoto wa darasa la saba alikusanya nauli zake za wiki mbili, akaniomba nimlipie kwa simu yangu masanduku ya bahati, yale ya ndani ya gemu unayolipia bila kujua kilichomo. Alitaka deraya, yaani vazi la vita, ya dhahabu yenye mabawa. Akayafungua yote: glavu mbili, na chapeo ambayo tayari alikuwa nayo. Alikaa kwenye benchi kimya mpaka magharibi. Nilimlipia mimi, na najuta.

Msimamo wangu: ngawira ni ujira wa vita. Kwenye gemu ya Monster Hunter deraya inaundwa kwa magamba, kucha na mifupa ya mnyama uliyemwangusha mwenyewe. Mtu akiingia amevaa magamba ya joka Rathalos, hana haja ya kusimulia alikopita. Ukiiuza deraya hiyo kwenye duka la ndani ya gemu, yule aliyehangaika usiku kucha umemfanya mjinga. Tena dukani humo ni waja leo waondoka leo: wiki hii ipo, wiki ijayo imefichwa, ili ununue kwa hofu.

Kijana wa Makorora
Kaka, nakuheshimu, ila hapo umetubana tusio na muda. Nafanya zamu za usiku bandarini. Mnyama mmoja nimpige mara thelathini ndipo adondoshe kito ninachotaka? Nguvu zisiuzwe, hapo tuko pamoja. Sura iuzwe. Kwani World of Warcraft haikutenganisha sura na nguvu mwaka 2011? Kabla ya hapo shujaa alitembea na mabega mekundu na suruali ya kijani, kisa tu namba zake ni kubwa.

Mwenye banda, Ngamiani
Hiyo ya 2011 uliazima sura ya kitu ulichokwisha kukipata, mdogo wangu. Bado umekitolea jasho. Duka ni habari nyingine. Mwaka 2006 gemu ya Oblivion iliuza deraya ya farasi kwa dola 2.50, watu wakacheka, wakalalamika, na wakanunua. Diablo III, 2012, ikaweka mnada wa wachezaji kuuziana vifaa kwa pesa halisi. Kwa nini uue mashetani wakati upanga bora uko mnadani? Watengenezaji wenyewe waliona mnada unaharibu kiini cha mchezo, wakaufunga Machi 2014.

Fundi cherehani, Barabara ya 12
Mnabishana bei, vazi lenyewe hamjalitazama. Mimi nashona mchana, nacheza usiku. Kinachoniudhi ni deraya ileile: akivaa mwanamume, chuma mpaka shingoni, akivaa mwanamke, vipande viwili na tumbo wazi, na eti ulinzi umeongezeka! Mshale utapita wapi kama si hapo?

Mtengenezaji anayejua kazi unamwona kwenye mikanda: dirii inafungwa wapi, chuma kinakutana vipi na ngozi, kitambaa cha ndani kimechakaa upande gani. Dark Souls ilinishika kwa hilo. Deraya ya chuma ya mwanamke imefunika kama ya mwenzake. Na uzito una gharama. Kwenye Elden Ring mzigo ukizidi asilimia 70 ya uwezo wako, ukijiviringisha kukwepa unakuwa mzito kama gunia, pigo linakukuta chini. Basi kuchagua vazi ni kufikiri. Vazi la namna hiyo nikilikuta kwenye maiti ya askari ndani ya pango, nasimama kulitazama kabla sijalivaa. Mabawa ya dhahabu hayana cha kutazama.

Mama, Chumbageni
Wanangu, gemu siijui. Ila mtoto wa miaka kumi na miwili haruhusiwi kucheza kamari. Sanduku unalilipia bila kujua kilichomo, hilo si kamari?

Kijana wa Makorora
Shikamoo mama. Ubelgiji ilisema hivyo hivyo mwaka 2018: masanduku ya kulipia ni kamari, na kampuni kadhaa zikayaondoa nchini humo. Hapo sina la kutetea.

Mwenye banda, Ngamiani
Shikamoo mama, sote tunajifunza kwako. Nimeacha kuwalipia watoto kwa simu yangu. Yule wa darasa la saba sasa yuko mashine ya tatu, siku ya nne na joka lilelile. Simtozi. Jana alilibakiza damu kidogo sana, akapiga kelele mpaka muuza mihogo akachungulia.

Kijana wa Makorora
Masanduku nimekubali. Lakini vazi lenye bei iliyoandikwa wazi, anayelipa ni mtu mzima, na haliongezi nguvu hata chembe: hapo hujanishinda, kaka. Ijumaa nikitoka zamu napita bandani tuendelee.