Basi la Kampala–Arua na mtoto wa miezi minne, Krismasi: nijiandae vipi?

Mama wa Ntinda
Habari zenu. Tunampeleka mtoto kwa nyanya yake upande wa Maracha, wilaya iliyo karibu na Arua, tarehe 22 Desemba, kwa basi hadi Arua. Ana miezi minne, ananyonya tu, chanjo za wiki ya 14 amemaliza. Tutakaa siku kumi. Naomba kujua tukae wapi ndani ya basi, maziwa niliyokamua yanadumu muda gani njiani, na habari ya malaria, maana kila ninayemwambia tunakwenda West Nile, yaani kona ya kaskazini magharibi ya Uganda, ananitajia mbu kwanza. Baba yake anataka basi la usiku ili mtoto alale. Mimi bado sijakubali.

Kondakta Mstaafu
Mama, usikubali. Usiku madereva husinzia, malori yaliyoharibika hukaa barabarani bila taa, na basi likizima katikati ya Karuma na Pakwach mtangoja gizani na kichanga. Chukueni la alfajiri. Ni karibu kilomita 500. Safari nzuri huchukua saa nane au tisa, ila wiki ya Krismasi hesabuni kumi na mbili. Ulizeni mapema kama basi linaondoka kwa saa au linangoja kujaa. Kama ni la kujaa, hata tiketi ikiandikwa saa kumi na mbili asubuhi mtaondoka saa mbili, na mtoto atakuwa ameshachoka kabla hamjafika Luweero.

Viti: safu za katikati, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Nyuma kabisa kila tuta linamrusha mtoto, mbele kuna joto la injini na kelele za mlango. Halafu kaeni upande wa dereva. Asubuhi mnakwenda kaskazini, jua linawapiga ubavuni upande huo, lakini bado halina nguvu. Mkifika Karuma barabara inakata kwenda magharibi, na kuanzia hapo jua kali la mchana, ambalo Desemba limeinamia kusini, linakaa upande wa mlango. Huko Pakwach ni bonde la Nile, chini sana kuliko Kampala, na joto lake mtalijua wenyewe.

Mama akae dirishani, baba akae upande wa njia ya katikati ya basi. Sababu si kunyonyesha kwa faragha tu. Sikukuu njia hujaa watu na mizigo, na kiwiko au begi linaloanguka kutoka juu humpata aliye kwenye njia. Kichwa cha mtoto kielekee dirishani. Tiketi ziwe mbili, zenye namba za viti, na mfike mapema mkazikalie, kwa sababu Desemba kiti kimoja huuzwa kwa watu wawili.

Karuma nyani hukaa kando ya barabara. Funga dirisha, na begi la chakula lisikae karibu nalo.

Nesi wa Watoto
Nakubaliana na aliyetangulia. Naongeza kwamba mtoto abebwe kwa mbeleko mbele, kifuani, uso wake uonekane na kidevu kisizame kifuani mwake mwenyewe. Mgongoni hapana, mkiegemea kiti mnambana. Kama basi lina mikanda, mkanda mmoja usiwafunge wewe na mtoto pamoja, maana breki ikikazwa ghafla uzito wako wote unamwendea yeye.

Maziwa: kama unasafiri naye, kwa nini ukamue? Ya kifuani hayachachi wala hayahitaji barafu. Ukitaka akiba, maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Ndani ya basi mchana joto linapita hapo, kwa hiyo uyahesabie saa 2 tu. Kwenye kisanduku chenye vipande vya barafu vilivyogandishwa vizuri yanafika saa 24. Akishayaanza kwa kikombe, yaliyobaki ukayamwage ndani ya saa 2. Wanaotumia maziwa ya kopo wasichanganye nyumbani. Wabebe maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai na unga uliopimwa kwenye vikopo vikavu, wachanganye maji yakiwa bado moto sana, wapooze, na mtoto amalize ndani ya saa 2.

Maji asipewe hata joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Wewe ndiye unywe. Wamama wengi hujinyima maji ili wasiombe basi lisimame, na jioni maziwa yanapungua. Nepi ndiyo kipimo chako: mtoto anayenyonya vya kutosha hulowesha sita au zaidi kwa siku. Zikipita saa 6 nepi ikiwa kavu, usingoje mfike Arua, shukeni kwenye kituo cha afya cha mji ulio karibu.

Beba nepi 12 mkononi, nyingine ziende kwenye buti la basi. Kaveera (mifuko ya plastiki) tatu za kufungia zilizotumika, nguo tatu za mtoto, na blauzi moja yako, kwa sababu akicheua utapata wewe. Usimfunike mablanketi. Gusa shingo yake kwa nyuma, ikiwa na jasho punguza nguo.

Mama wa Ntinda
Asanteni sana, la usiku limekufa. Je, chandarua tubebe au kule hakikosekani? Na nyanya yake, najua atataka kumpa maji na dawa za miti. Sitaki kumvunjia heshima.

Mzaliwa wa Arua
Bebeni chenu. Nyumbani kipo, lakini sikukuu wageni ni wengi na vyandarua havitoshi. Kiwe chenye dawa, na kama ni kipya kitandaze kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Weka kwenye begi kamba nne za mita mbili mbili: nyumba ya nyasi haina ndoano, unafunga kwenye fito za paa. Pindo liingie chini ya godoro pande zote, na mtoto asilale akigusa neti, kwa sababu mbu humuuma kwa kupitia matundu. Kuanzia saa kumi na mbili jioni avae mikono mirefu na soksi. Dawa ya mbu ya kuwasha usiiache chumbani anamolala, moshi wake ni mbaya kwa kifua kidogo kama hicho. Chanjo ya malaria huanza miezi sita, kwa hiyo safari hii chandarua ndiyo kinga yake.

Jambo ambalo watu husahau: malaria haionekani siku uliyoumwa na mbu. Huchukua kama siku saba hadi kumi na nne, mara nyingine zaidi. Homa inaweza kuanza mmesharudi Ntinda, Kampala, mkadhani ni mafua ya safari. Joto likifika nyuzi 38, apimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie nesi mmetoka West Nile. Dawa ya malaria ya dukani bila kipimo usimpe.

Kuhusu nyanya: aseme baba, ni mama yake. Aseme kabla ya safari, kwa simu, si mbele ya wageni: "Mama, daktari amesema maziwa tu mpaka miezi sita." Halafu nyanya apewe kazi yake, amwogeshe mjukuu kila jioni. Mwenye kazi hatafuti nyingine. Kikao kiwe nje chini ya mwembe, si jikoni kwenye moshi, na mwenye kikohozi amsalimie mtoto kwa mbali.

Nesi wa Watoto
Panado (paracetamol) ya maji ya watoto, ile ya miligramu 120 kwa mililita 5: kwa miezi minne ni mililita 2.5, pima kwa bomba lake la kupimia, si kijiko cha chai. Homa ikishuka kwa Panado bado apimwe. Na kadi ya chanjo isibaki nyumbani.

Kondakta Mstaafu
Tiketi ya kurudi nunueni siku mnayofika, baada ya mwaka mpya viti hugombaniwa. Na mkirudi mgeuze: upande wa mlango ndio wenye kivuli.