Onyesho la 14: gitaa uwani

Kikundi: Filamu ya Mtaa, Mwananyamala
Jumanne

[19:40] Mama Rehema: Habari za jioni wote. Skripti ya pili nimeiweka humu. Naomba mlitazame sana onyesho la 14, pale baba na binti wanapokaa uwani na gitaa kwa mara ya kwanza tangu mtoto aletwe kutoka Tanga. Ni mwaka 1988, binti ana miaka 11, baba anamjua kwa picha tu. Nimeandika kwamba masikio ya baba, mpiga gitaa wa bendi ya dansi, yameharibika kwa kusimama mbele ya spika, anashindwa kutuni gitaa (kulinganisha sauti za nyuzi), mtoto anamsaidia. Hapo ndipo wanapoanza kuzoeana.

[19:52] Sofia: Shikamoo Mama Rehema. Masikio yabaki kwenye hadithi, ila kutuni hakutakubalika. Kelele za miaka mingi huanza kuharibu sauti nyembamba, hertz (mitetemo kwa sekunde) 3000 hadi 6000, na pigo kubwa huwa karibu na 4000. Uzi wa kwanza wa gitaa ukiwa wazi ni hertz 330. Huo atausikia vizuri tu. Anachopoteza ni herufi: s, sh, f, th. Anasikia kwamba mtu anaongea, haelewi anasema nini, hasa feni ikizunguka au watu wawili wakiongea pamoja. Anaitikia "eeh" mahali ambapo "eeh" haifai. Na sauti ya mtoto ndiyo inayompotea kwanza, kwa sababu ni nyembamba na haina nguvu.

[19:58] Mzee Kassimu: Sofia kasema kweli. Mpiga dansi anatuni hata katikati ya kelele. Anabonyeza uzi wa sita kwenye freti ya tano (freti ni vile vyuma vya shingo ya gitaa), anaulinganisha na wa tano ulio wazi. Zikiachana kidogo zinavuma wa-wa-wa. Mmoja ukiwa hertz 110 na mwingine 112, unasikia mavumo mawili kila sekunde. Anakaza taratibu, mavumo yanachelewa, yanasimama. Hivyo hivyo wa tano kwa wa nne, na wa nne kwa wa tatu. Kwenye wa tatu kwa wa pili inakuwa freti ya nne, halafu anarudi ya tano. Mwigizaji akibonyeza ya tano pale, kila mpiga gitaa atakayetazama ataona kosa. Tena mbao ya gitaa imeegemea kifua, mtetemo anaupata mwilini.

[20:01] Mama Rehema: Kwa hiyo onyesho langu limevunjika.

[20:04] Upendo (sauti): Shikamooni wakubwa. Halijavunjika mama, lirudishe nyuma. Nenda onyesho la 3. Umeandika binti anaingia mlangoni, anasema "shikamoo", baba anaitikia, wanakaa. Lakini kamtoto kalikolelewa na bibi kataamkia kameinamisha macho, sauti chini. Feni iko juu, redio inaongea. Baba haoni midomo, na "sh" iko kwenye sauti alizozipoteza. Haitikii.

[20:05] Sofia: Na mtoto hajui kama baba hasikii.

[20:06] Mama Rehema: Shikamoo isiyoitikiwa. Siku ya kwanza. Jamani.

[20:09] Mzee Kassimu: Hapo ataacha kumwamkia. Anamwita "wewe", au hamwiti kabisa. Kuanzia la 3 hadi la 13 neno "baba" lisitoke kinywani mwake. Mama, hiyo ndiyo filamu. Yale maneno marefu ya kuomba msamaha kwenye la 11 uyaondoe. Baba wa mwaka 1988 hakai chini kumweleza mtoto wa miaka 11 kwa nini hakuwepo.

[20:13] Mama Rehema: Nitayaondoa. Lakini mtazamaji ajue kwa nini hakuwepo.

[20:20] Mzee Kassimu: Ajue kwa kazi yenyewe. Bendi nyingi wakati ule zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park 1978 na baadaye ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki ni mwajiriwa, bendi ikipangiwa ziara mikoani unapanda gari. Mwonyeshe baba anarudi alfajiri mtoto anavaa sare, mtoto anarudi shule baba anaondoka mazoezini. Wanapishana kwenye mlango mmoja, mara tatu, bila neno. Inatosha. Usitumie jina la bendi ya kweli, bendi yetu iwe na mtindo wake.

[20:22] Mzee Kassimu: Na redio. Bendi zilirekodi RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikasikika nchi nzima. Mtoto kule Tanga alikuwa anamsikia baba yake bila kumwona. Solo ya baba anaijua kwa moyo.

[20:24] Upendo: Basi aivumishe mdomoni wakati baba anatuni. Si kumsaidia kutuni. Anavumisha tu, baba mikono inasimama.

[20:31] Juma (kamera): Nimefika kazini sasa hivi, nimesoma yote. Nina shida ya mikono. Mwigizaji wetu hajawahi kushika gitaa. Mzee, tuna wiki tatu.

[20:38] Mzee Kassimu: Dakika 20 kila siku, asizidishe. Siku nne za kwanza ncha za vidole zinauma, zikifanya malengelenge hatapiga tena wiki nzima. Nitamfundisha mikao mitatu tu ya vidole, G, C na D, na namna ya kutuni. Chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi, nitapiga mimi, wewe kamata mikono yangu karibu. Shati liwe moja, pete na saa ya mkononi zivuliwe. Kinachofichua mwigizaji ni mkono wa kulia kuliko wa kushoto: anapiga kutoka kwenye kiwiko kama anakuna nazi. Mpiga solo anatikisa kifundo tu.
Mtoto mpeni gitaa la robo tatu lenye nyuzi za nailoni. Gitaa kubwa la nyuzi za chuma atalia kweli, na hatutaki alie kwa sababu hiyo.

[20:40] Mzee Kassimu: Nyuzi mpya zifungwe siku mbili kabla. Uzi mpya unavutika. Utautuni, baada ya dakika tano umeshuka. Uuvute kwa kidole katikati, utuni, uvute tena, mara nne au tano. Chumvi ya hewa yetu inazila nyuzi za chuma haraka, mkimaliza zifuteni kwa kitambaa kikavu.

[20:47] Upendo: Wimbo turekodi kwanza, ndipo tupige picha juu yake. Mwanzoni weka milio minne ya kuhesabu kwa mwendo ule ule, ili wote waingie pamoja. Siku ya kupiga picha mwimbaji aimbe kwa sauti kamili, asifungue mdomo tu. Shingo na tumbo la anayeimba kweli vinaonekana. Juma, faili zote za sauti ziwe 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde. Wimbo wa 44.1 programu ikiusoma kama 48 unakimbia karibu asilimia 9 na kupanda zaidi ya nusu tone, halafu mikono haiendani na kitu.

[20:50] Juma: Na simu ya akiba ya kupigia picha msiitumie bila kufunga picha 25 kwa sekunde. Ikijiamulia yenyewe, baada ya dakika kadhaa sauti na midomo vinaachana. Umeme wetu ni hertz 50, kwa hiyo shata (muda kamera inaofunguka) iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo taa ya mrija itapepesa kwenye picha.

[20:55] Upendo: Feni ya onyesho la 3: tunapiga ikiwa IMEZIMWA. Sauti yake nairekodi peke yake dakika mbili, naipandisha baadaye. Ikizunguka kweli sitaweza kuitoa chini ya maneno. Ila pazia na kanga lazima vicheze, kwa hiyo mtu akae nje ya picha apepee na boksi. Shikamoo ya mtoto tuisikie mara mbili. Kwanza safi, tukiwa upande wake. Halafu tukihamia kwa baba nakata kila kilicho juu ya hertz 2000, inabaki "...amoo" imezama kwenye feni. Mara moja tu katika filamu nzima, isigeuke mchezo.

[20:57] Juma: Majokofu ya majirani tuombe yazimwe yasivume, na ufunguo wa gari uwekwe ndani ya jokofu. Hakuna atakayeondoka akasahau kuliwasha.

[21:02] Sofia: Mtoto je? Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za usiku. Maonyesho ya ukumbini mmeyapanga saa nne usiku.

[21:04] Mama Rehema: Ukumbini tutapiga mchana, madirisha yazibwe kwa vitambaa vyeusi. Bibi yake atakaa naye muda wote. Kibali cha Bodi ya Filamu nashughulikia. Na nyimbo za zamani hatutumii hata moja. Hakimiliki inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi nayo ina mwenyewe. Mzee Kassimu, tunakuomba wimbo.

[21:05] Mzee Kassimu: Nipe siku kumi. Mwanzo wa pole, maneno machache, kisha chemko. Solo iwe nyepesi, mtoto aweze kuivumisha.

[21:48] Mama Rehema: Someni.

14. NJE. UWANI. ALASIRI.
Ndani, feni inapunguza kasi. Inasimama. Redio ya jirani imekatika katikati ya neno. Umeme umeondoka mtaa mzima.
Baba anatuni. Uzi wa tatu na wa pili, freti ya nne. Mavumo yanachelewa.
Binti, mgongo kwa mgongo naye, anavumisha solo.
Mkono wa baba unasimama juu ya kifungo cha kutunia. Hageuki.
Binti ananyamaza. Kimya.
BINTI: Shikamoo.
BABA: Marahaba.
Anasubiri. Anamsogezea gitaa bila kumtazama. Binti anagusa uzi mmoja.

[21:55] Sofia: Mgongo kwa mgongo haoni midomo, lakini hakuna kelele na yuko karibu. Atasikia. Sawa kabisa.

[21:57] Upendo: Jirani asiwashe jenereta, mwaka ule mtaani hatulitaki na mimi sitaweza kuliondoa. Nitarekodi kimya cha pale uwani sekunde 60 kabla hatujaanza. Tuanze mara adhana ya alasiri ikiisha.

[21:59] Juma: Na jua liwe bado juu ya ukuta. Likishuka tuna kama dakika 20 za mwanga. Nitapiga mabega yao kwanza, vidole mwisho.

[22:03] Mzee Kassimu: Uzi atakaougusa uwe wa pili. Ndio ule baba aliokuwa anautuni.