Mwanangu ananiita "Mama Maskati", nikiondoka halii, nikirudi hanitazami

MamaVitumbua (Tanga)

Habari za humu wakuu. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite tu.

Nilikwenda Oman kufanya kazi za ndani mwanangu akiwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika kiti. Nikamwacha kwa mama yangu Muheza. Mkataba ukaisha, nikaongeza, maana baba yake alishaingia mitini na mama ana kisukari, dawa zinataka hela. Nimerudi mwaka huu, mtoto anaingia chekechea. Nimepanga vyumba viwili hapa mjini, asubuhi nakaanga vitumbua, na mama amekuja kukaa nasi ili mtoto anizoee.

Si mtoto mkorofi. Angekuwa mkorofi ningejua pa kuanzia. Ni mpole mpaka naogopa. Bibi yake ndiye anamwita mama. Mimi ni "Mama Maskati". Nikimpa kitu anapokea kwa mikono miwili, "ahsante", basi, anaondoka nacho.

Juzi natoka soko la Mgandini, nimemkuta barazani anapanga visoda vyake, vya Fanta mstari wake, vya Stoney mstari wake. Nikasema "nimerudi babaa". Hakuinua kichwa. Mkono ulisimama kidogo na kisoda kikiwa hewani, halafu akakiweka mahali pake na kuendelea. Siku nyingine alianguka akachubuka goti, damu inatiririka, mimi niko hatua chache tu. Akanipita, akaenda bombani, akajimwagia maji huku amebana meno. Bibi alipotokea mlangoni ndipo akaangua kilio cha mtaa mzima kusikia.

Bibi akitoka ni habari nyingine. Alikwenda msibani Korogwe, mtoto akakojoa kitandani, kitu alichoacha zamani, na kanga ya bibi haikumtoka mkononi hata kuoga.

Jirani anasema mtoto ana kiburi cha kulelewa na bibi. Dada yangu anasema bibi aondoke alfajiri mtoto akiwa usingizini, abaki na mimi tu, apende asipende, atazoea. Mama mwenyewe yuko radhi. Mimi roho inasita. Naomba mwenye ujuzi aniambie: hanipendi? Atakua na moyo wa jiwe? Na hilo la bibi kuondoka nifanye?

Kisiki_Kikavu

Watoto wa bibi wote ndivyo walivyo, wamedekezwa. Dada yako kasema kweli. Bibi aende, mtoto akileta za kuleta kachapo kidogo. Sisi tuliachwa kwa wajomba huko, mbona tumekua?

Muuguzi Mstaafu

Kisiki, mtoto halii, hagombi, anasema ahsante. Unamchapa kwa lipi?

Mwanangu MamaVitumbua, pole na hongera. Nimefanya kazi kliniki za mama na mtoto mpaka kustaafu, na watoto wa namna hiyo nimewaona wengi, wa akina mama walio Ghuba, wa walio Dar, wa waliolazwa muda mrefu. Nianze na ule mkono uliosimama na kisoda hewani. Umeuona mwenyewe na umeuandika, halafu ukaupita. Mtoto asiyejali mkono wake hausimami.

Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Alan Sroufe na Everett Waters, waliwapima mapigo ya moyo watoto wadogo wanaoachwa na mama kwa dakika chache kisha mama anarudi. Wapo watoto ambao mama akirudi hawamtazami, wanaendelea na vichezeo. Ukiwatazama usoni wametulia. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivyo: utulivu wake usiusome kama kutokupenda.

Elimu hii ya jinsi mtoto anavyojifunga kwa mlezi wake ina mizizi hapa kwetu Afrika Mashariki, watu hawajui. Mary Ainsworth alikuwa akifanya kazi London na daktari John Bowlby, yule aliyesema mtoto anamhitaji mlezi wake kama anavyohitaji chakula. Mume wake akapata kazi Makerere, Mary akafuatana naye Kampala. Mwaka 1954 akaanza kuzungukia vijiji vya jirani, nyumba kwa nyumba, akiwa na mkalimani wa Kiganda, familia 26 zenye watoto wachanga 28. Na sikia alichokifuata: alikuwa amesikia kwamba Waganda wakimwachisha mtoto ziwa humpeleka kwa bibi yake, akataka kuona huko kutengana kunamfanyia nini mtoto. Alipofika akakuta desturi ile wengi wameshaiacha. Basi akakaa kutazama tu jinsi mtoto anavyojifunga kwa mlezi wake: anayelia mama akisimama, anayetambaa kwenda mbali kidogo kisha anageuka kuhakikisha mama yupo, anayelilia hata akiwa amepakatwa. Alichokiona ni kwamba wale akina mama waliokuwa wakiwajua watoto wao kwa undani, ukimuuliza anakueleza mtoto analala vipi, anachukia nini, anatulizwa na nini, watoto wao ndio walikuwa na utulivu wa kweli.

Baadaye, akiwa Baltimore, ndipo akatengeneza kile kipimo cha chumba chenye vichezeo na mgeni, mama anatoka na kurudi. Alikihitaji kwa sababu watoto wa Kimarekani nyumbani kwao walikuwa hawashtuki mama akitoka, tofauti na wale wa Kiganda. Na jambo kubwa la kipimo kile halikuwa kilio cha kuachwa. Ni mtoto anafanya nini mama akirudi. Mwingine anamkimbilia, anabembelezwa, anarudi kucheza. Mwingine anakwepa macho. Mwingine anamng'ang'ania mama na papo hapo anampiga mateke. Miaka ya 1980 Mary Main na Judith Solomon wakaongeza wa nne, anayeganda au kwenda kinyumenyume, hajui akimbilie wapi.

Kipimo hicho ni cha watoto wa umri wa mwaka mmoja na kidogo. Wako ameshapita, na mimi siwezi kumpa jina kwa kusoma hapa. Ila historia yake inasomeka. Kuna watoto wa Uingereza waliowekwa kwenye malezi ya bweni kwa majuma kadhaa, Heinicke na Westheimer wakaandika habari zao mwaka 1966. Mama zao walipowajia, watoto wawili kati ya kumi walionekana hawamtambui, wanane waligeuka au wakaondoka zao. Wengi wao machozi yakiwa karibu. Hao ni wa majuma tu. Wako ni umri wake karibu wote.

Sasa la bibi. Mwanangu, usifanye. Hilo la alfajiri hasa, usifanye. Mtoto huyu ana mfungamano imara kabisa: goti likitoka damu anajua ampelekee nani. Maana yake anajua kupenda na anajua kutulizwa, alijifunza Muheza. Ukimwondoa bibi kimyakimya hajifunzi kukupenda wewe. Anajifunza kwamba watu huondoka ukiwa usingizini. Huko kwa Wagusii, magharibi mwa Kenya, Kermoian na Leiderman waliwapima watoto 26 mwaka 1986, kwa mama na kwa mlezi mwingine anayewabeba mchana. Mtoto aliweza kuwa na utulivu kwa mmoja na wasiwasi kwa mwingine. Hao Wagusii nyumbani husalimiana kwa kupeana mkono, basi hata mtoto mwenye utulivu, mama akiingia, anamnyoshea mkono. Usingoje akurukie shingoni. Tazama mkono.

Dereva wa Tunduma

Sijawahi kuandika mada za hivi, lakini kile cha kwenda bombani mwenyewe kimenigusa.

Mimi nilipelekwa kwa baba mdogo Iringa bado sijaanza shule. Hawakunitesa, nilikula, nilisoma. Ila ukilia wanakuangalia tu mpaka unyamaze, kwa hiyo nikanyamaza. Sasa nina mke na watoto. Nikitoka safari, siku nyingi barabarani, nimewakumbuka, nafika getini, halafu badala ya kuingia ndani nachukua ndoo naosha lori. Mke wangu anasimama mlangoni na kanga yake anasubiri. Namwona. Naendelea na matairi.

Akiumwa nalipia hospitali, nanunua dawa, nakaa kwenye benchi la nje usiku kucha. Kuingia kumshika mkono ni kama natafutwa na polisi. Alipokwenda kujifungua kwao Mbeya niliwaambia wenzangu nimepumzika kelele. Suruali zilianza kunivuka, nikatoboa mkanda tundu jipya. Sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka leo nimesoma habari ya mapigo ya moyo.

Kisiki, kweli tumekua. Waulize wake zetu tumekuaje.

Binti Songoro

Mimi ni kinyume chake dereva. Mama alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo mpaka Dubai, akija anakuja na zawadi na mabusu, akiondoka haagi, wala hujui atarudi lini. Leo mchumba asipojibu meseji nusu saa, tiki mbili zimeshakuwa za bluu, napiga. Asipopokea napigia rafiki yake. Akipokea namtukana. Akinibembeleza siamini. Wamekimbia wengi. Nimesoma mtandaoni eti mimi ni "aina ya wasiwasi" na wa kwangu wote ni "wakwepaji". Muuguzi, hiyo ni kweli au ni nyota za magazetini?

Kisiki_Kikavu

Dereva, mimi mke wangu hajalalamika.

Binti Songoro

Amenyamaza?

Muuguzi Mstaafu

Hahaha. Waacheni.

Binti, ina ukweli ndani na ina uzushi mwingi juu. Ukweli: mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walitoa dodoso kwenye gazeti moja la Denver, Marekani, wasomaji wajichagulie maelezo yanayowafanana katika mapenzi. Zaidi ya nusu walichagua la utulivu, kama robo la kukwepa, waliobaki la wasiwasi. Karibu na uwiano uliokuwa umeonekana kwa watoto wachanga wa huko, na ndiyo sababu watu walishtuka. Uzushi ni kuligeuza jambo hilo kuwa kabila, kwamba umezaliwa humo utafia humo. Malezi ya utotoni yanaelekeza, hayafungi hukumu. Wapo waliolelewa vibaya wakapata mwalimu, shangazi, mume mvumilivu, wakatulia ukubwani. Mimi nakuona hivi: mama yako alikuwa akirudi bila taarifa, ukajifunza kwamba anayelia zaidi ndiye anayesikika. Simu zako ishirini ni kilio kile kile. Anayezipokea hasikii kilio, anasikia polisi wa dereva, anazidi kujificha, nawe unazidi kupiga. Jaribu kusema kabla hujapiga: "ukikaa kimya naogopa, niandikie hata neno moja". Mwenye nia atakuandikia. Asiye na nia utamjua mapema, bila kumtukana.

MamaVitumbua (Tanga)

Shikamoo mama. Nimesoma nikalia, nikasoma tena. Dereva nakushukuru, nimemsomea mama yangu maneno yako naye akanyamaza muda mrefu.

Nimeamua bibi haondoki alfajiri. Lakini mama, ana shamba lake na kuku, na dawa anachukulia Muheza, hawezi kukaa hapa milele. Ataondoka tu. Tufanyeje? Na hili jina la Mama Maskati, nimkataze?

Muuguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Jina liache. Ni jina lako, amekupa mwenyewe. Akilibadili atalibadili siku yake.

Bibi aondoke mchana, mtoto akiwa macho, amuage. Amwambie anakwenda wapi na atarudi siku gani, na siku hiyo arudi kweli, hata kama ni kulala usiku mmoja. Aanze na safari fupi. Aache kanga ile ile, usiifue. Mtoto atalia, mwache alie nawe uko karibu, usimwambie "mwanaume halii". Usiku aulize mara kumi bibi anarudi lini, mjibu mara kumi. Akikojoa badilisha shuka bila hotuba.

Wewe mwenyewe, zawadi punguza. Viatu vya taa na midoli ni vya mgeni. Chukua kazi moja ya kila siku iwe yako naye, saa ile ile. Unakaanga vitumbua alfajiri: akiamka mapema mpe kijiti ageuze kimoja, mbali na mafuta, cha kwake. Usimkumbatie kwa nguvu. Ukitoka sokoni sema umerudi, hata asipoitika, kisha kaa chini karibu na visoda, usivipange wala usimsifu. Kaa tu. Akianguka, mfuate bombani ushike mfereji, maji ajimwagie mwenyewe kama anataka.

Na muulize mama yako kila kitu. Analalia ubavu gani, anaogopa nini, wimbo gani unamlaza, akiwa na homa anataka nini. Andika kwenye daftari. Miaka hiyo hukuwepo, lakini kuna mtu aliyekuwepo na yuko jikoni kwako sasa hivi.

Ukiona anaganda ukimkaribia, au anajiumiza, au hali chakula siku nyingi bibi akiwa hayupo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo wilayani, au kitengo cha watoto hospitali ya mkoa. Chekechea nayo usiianze wiki ile ile bibi anayoondoka. Ongea na mwalimu muisogeze mbele kidogo.