Naomba ushauri: makala ya milango ya bahari, nishike upi?

Habari zenu wakuu. Naandaa makala kuhusu milango ya bahari (njia nyembamba za maji zinazounganisha bahari mbili), nimekwama kwenye kuchagua. Moyo wangu uko Malacca, mlango ulio kati ya Malaysia na kisiwa cha Sumatra: Wareno waliuteka mji wa Malacca 1511, Waholanzi wakawapokonya 1641, na hadi leo mafuta mengi ya China na Japani hupita mlango huo. Lakini Bosporus na Dardanelles, milango ya Uturuki kati ya Bahari Nyeusi na Mediterania, zina jambo la pekee: Mkataba wa Montreux wa 1936 unaipa Uturuki, ikiwa vitani, uamuzi juu ya meli za kivita. Hormuz nayo ndiyo njia pekee ya meli kutoka Ghuba ya Uajemi kwenda bahari kuu.

Je, nichimbe mmoja tu, au nilinganishe sheria za kupita, hasa baada ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982? Mliosomea historia au sheria, nisaidieni tafadhali.